Fundi Mmoja, Spana Moja

Hakuna mtu Ilula nzima asiyejua kwamba langalanga, zile mbio za magari, ni ya Anord Kihwele. Magari yenyewe ni ya matajiri wa Ulaya, hilo sawa, lakini ukitaka kujua nani katoka nje ya barabara, nani kaadhibiwa na kwa kosa gani, humwulizi mtu mwingine. Unavuka barabara kuu, unaipita kompresa yake iliyofungwa waya kiunoni, unamkuta kachuchumaa na tairi la lori katikati ya magoti, unasema, "Kamwene, fundi, jana ilikuwaje?" Hapo umeshaiharibu asubuhi yako. Atakueleza mpaka mwenye lori aanze kupiga honi.

Aliianza zamani, alipokuwa kibarua Mbeya, pale Mwanjelwa, kwa bosi mmoja mwenye dishi. Aliona gari linaingia kituoni, watu wanalivamia kama siafu, matairi yote manne yanatoka na mengine yanaingia kabla mtu hajamaliza kupiga chafya. Anord akabaki mdomo wazi. Yeye kazi ni hiyohiyo, na tairi moja tu la basi linamla saa nzima na ngozi ya kiganja juu yake. Ungedhani aliwapenda wale mafundi. Wapi! Aliwaonea wivu palepale, na wivu ule akarudi nao Ilula pamoja na jeki yake na mke.

"Watu kibao kwa gari moja!" alikuwa akilalamika kila Jumapili kwenye baraza la duka la Juzer. "Huo ni ufundi au ni msiba? Ningekuwa mimi ndiye mwenye sheria, ningesema fundi mmoja, spana moja. Aingie mtu mmoja, atoe tairi, atie tairi, watu wamwone jasho linavyomtoka, walijue na jina lake. Hapo mbio zingenoga."

Juzer ni kijana wa Kibohora kutoka Iringa mjini, anauza spea pale Ilula, na Jumapili jioni huitoa televisheni yake barazani ili wapenzi wa langalanga watazame pamoja. Mtu mwema, lakini ulimi wake hauna breki. "Fundi," alimjibu, "kwa sheria yako mbio zikianza Jumapili zitaisha Jumanne."

Baraza zima likaangua kicheko. Anord alikuwa amekizoea kicheko hicho, lakini kuzoea si kupenda. Nyinyi mnaocheka, jiulizeni: basi la Mbeya likipasukiwa tairi pale Ilula, nani anaingia chini ya basi juani? Abiria wanashuka, wananunua nyanya na vitunguu, wanapiga soga, wanapanda, wanaondoka. Wakifika Dar wanasifia nyanya za Ilula. Nani anamkumbuka aliyewafungia tairi? Hilo ndilo lililokuwa likimkereketa Anord moyoni miaka yote, na ndiyo maana lile wazo la fundi mmoja kwake halikuwa mzaha hata kidogo.

Basi redio moja ya Iringa mjini ilikuwa na kipindi chake cha Jumamosi asubuhi, Gia ya Tano, kuhusu mbio za magari. Mtangazaji wake, Brayson, ana sauti iliyopakwa siagi, utadhani anaongea na mchumba. Msimu ule aliwauliza wasikilizaji: ungekuwa wewe ndiye mwenye langalanga, ungebadilisha sheria gani? Watu wakatuma mawazo mpaka basi. Mmoja akataka barabara imwagiwe maji kwa bomba ili magari yateleze. Mwingine akataka madereva wabadilishane magari, mwenye gari bovu apewe zuri, tuone ubishi unaishia wapi. Anord naye akatuma lake. Likapita kimya. Akatuma tena, kwa maneno mengine. Kimya. Kila Jumamosi alikuwa akiizima kompresa ili asikie jina lake, na kila Jumamosi alikuwa akiiwasha tena kwa hasira.

Sasa ngoja nimlete Damari. Damari ni mke wa Anord, Msangu wa Rujewa, mama wa binti mmoja, Eveline, anayesoma bweni Mafinga. Anauza nyanya barabarani, ng'ambo ya gereji ya mumewe. Langalanga hakuwa na habari nayo. Aliiita "hayo manyuki yenu."

Jumapili moja mvua ikamkuta anampelekea mumewe ufunguo wa nyumba, akajibanza barazani kwa Juzer kungoja ikatike. Kwenye televisheni magari yalikuwa yamepanga mstari yanasubiri taa. Damari akatazama, akakunja uso.

"Baba Eveline," akasema, "yule wa mbele kabisa ndiye mwenye mbio kuliko wote?"

"Ndiye," akajibu Anord, na kifua kikamjaa, maana alipenda kuulizwa. "Jana walishindanishwa kutafuta nafasi za kuanzia. Aliyewashinda wenzake ndiye huyo yuko mbele."

"Mwenye mbio kuliko wote, mnamwanzisha mbele ya wote."

"Ndiyo."

"Sasa hao wengine wanamfuata wapi? Si mngempa tu zawadi yake akanywe chai?"

Watu wakacheka, lakini hiki kilikuwa kicheko kingine. Anord alikijua kwa sikio, maana miaka yote alikuwa akikitamani. Damari akaendelea, wala hana habari: "Sisi pale barabarani, aliyeuza basi hili, basi lijalo anakwenda mkiani. Kila mtu anajua akitangulia leo, kesho atatokea nyuma. Na hao nao, aliyeshinda mbio hizi, zijazo aanze nyuma ya wote. Tuone kama ni dereva kweli au ni nafasi tu."

Niwaeleze, maana asiyepita Ilula hajui. Zamani wauza nyanya walikuwa wakilivamia basi wote kwa pamoja, wanasukumana, wanakanyagana, siku moja mwenzao akavunjika mguu. Tangu hapo wakajiwekea foleni yao, na mkubwa wa foleni ni Mama Faustina, mwanamke mwenye sauti ya honi. Basi likisimama, wa mbele ndio wanaolikimbilia. Aliyeuza anarudi mkiani. Anayekata foleni hapigwi wala hatozwi kitu: siku hiyo anakuwa mbebaji, anawashikia wenzake matenga mpaka jua lizame, na yeye hauzi hata kitunguu. Zipo na sheria nyingine ndogondogo. Anord alikuwa amefanya kazi hatua chache kutoka foleni ile miaka nenda rudi, hakuwahi hata siku moja kuuliza wanawake wale wanapangana vipi. Aliona ni mambo ya nyanya.

"Shemeji!" Juzer alishatoa simu. "Rudia hapohapo nikurekodi. Hilo nalituma redioni sasa hivi."

"Aa, mimi nani bwana," Damari akasema, huku anajifunga kanga vizuri.

Anord akainuka. "Naenda kuangalia kompresa," akasema. Jumapili jioni, mvua inanyesha, kompresa imezimwa tangu Jumamosi. Hakuna aliyemwuliza anakwenda kuiangalia ili iweje. Alipofika kwenye kona ya duka akageuka nyuma, akamwona mkewe ameinamia simu ya Juzer anasema maneno, na Juzer anatikisa kichwa kwa furaha. Akaondoka. Laiti angesubiri kidogo! Lakini wivu hauna subira.

Jumamosi iliyofuata Brayson akaicheza ile sauti. Ilisikika na mvua juu ya bati, na Damari anauliza, "Si mngempa tu zawadi yake akanywe chai?" Mtangazaji akacheka mpaka akakohoa. Simu zikaanza kumiminika. Mwenye mashine ya kukoboa mpunga Rujewa akasema mama huyu apelekwe Ulaya kesho. Mwalimu mmoja wa Mbeya mjini akasema ameipenda langalanga leo kwa mara ya kwanza. Dereva wa lori akapiga kutoka Chimala akisema nyanya za Ilula anazijua, kumbe na akili wanauza!

"Na hamjasikia yote," Brayson akasema kwa ile siagi yake. "Mama Nyanya wa Ilula katutumia mawazo mawili. La pili tunaliweka akiba mpaka Jumamosi ijayo, na siku hiyo tutampigia simu mwenyewe tuongee naye hewani."

Anord alikuwa ameshika spana. Aliishika mpaka vidole vikafa ganzi. La pili! Yeye lake moja tu, alilolilea kama mtoto, halijawahi kusomwa; na mwanamke aliyejibanza mvua dakika mbili anayo mawili!

Wiki ile, jamani, sitamani mtu apitie. Wivu ulimkalia Anord kooni kama mfupa wa samaki. Kila alipogeuka alikuta cha kuuchochea. Madereva waliokuwa wakimwita "fundi" walianza kumwita "mume wa Mama Nyanya." Mmoja alimwachia tairi lake bila hata salamu, akavuka barabara kwenda kumpa mkewe mkono. Watu wakasimama pale kwenye matenga wakijadili langalanga, langalanga yake, wala hakuna aliyegeuza shingo kumwuliza mwenyewe. Alijaribu. Alivuka akaanza kueleza habari ya matairi laini na matairi magumu, wakamsikiliza kwa adabu, kisha wakamgeukia Damari: "Eti mama, na wewe unaonaje?"

Na Damari alikuwa na raha, hilo ndilo lililomchoma zaidi. Alikuwa anaimba anapopika. Anaosha vyombo anaimba, wimbo wa kwaya ya usharika wao, kwa sauti ya kwanza.

"La pili ni lipi?" Anord akamwuliza mezani, kama anayeuliza chumvi iko wapi.

"Utalisikia," Damari akasema, akatabasamu.

"Mimi mumeo nisubiri redio?"

"Subiri tu, Baba Eveline. Siku hazigandi."

Tabasamu lile alilichukua akalitafuna wiki nzima. Aliona ni la kiburi. Kesho yake akaja na swali jingine.

"Huyo Brayson anakufahamu?"

"Atanifahamu wapi?"

"Mbona anakuita mama kwa sauti ile?"

"Sasa aniite baba?" Damari akacheka mpaka akashika ukuta. Anord hakucheka. Alikaa akihesabu moyoni nani alimwonyesha langalanga mwanamke huyu, nani alimweleza habari ya nafasi za kuanzia, nani alikuwa amekaa barazani kwa Juzer mvua na jua. Mtu anakufundisha kushika jembe halafu shamba unaandikisha jina lako! Akazidi kujipa haki, na haki ya mwenye wivu haina mwisho.

Namba waliyokuwa nayo redioni ilikuwa ya Anord. Simu ya Damari ni ya vitufe, sauti haisikiki vizuri, kwa hiyo Juzer alipomwuliza watumie namba gani, alitoa ya mumewe bila kufikiri. Asubuhi ya Jumamosi alijifunga kitenge chake cha Pasaka na kilemba kipya. "Wakipiga uniite nivuke haraka," akasema.

"Kilemba hicho kitasikika redioni?" Anord akamwuliza.

"Nitakisikia mimi mwenyewe," Damari akajibu, akaenda zake kwenye foleni.

Wauza nyanya walikuwa wametundika redio kwenye nguzo, wameifungulia mpaka mwisho. Saa nne na kitu basi la Mbeya likasimama. Zamu ilikuwa ya Damari na wenzake wawili, wakalikimbilia na sado zao za nyanya, vile vindoo vya kupimia. Hapohapo simu ikalia mfukoni mwa Anord. Ni Brayson.

"Habari za Ilula! Tunaingia hewani baada ya wimbo huu. Mama yupo karibu?"

Anord akatazama ng'ambo. Kilemba kilikuwa chini ya dirisha la basi, mkono umenyooshwa juu. Ilikuwa ni kupaza sauti tu. Kumwita mtu kwa jina, "Mama Eveline!", basi, yaishe. Wimbo ulikuwa bado unapigwa. Nasema hivi ili mjue muda alikuwa nao.

"Yuko kwenye biashara," akasema. "Lakini mimi ni mumewe, Anord Kihwele. Tuongee tu. Kusema kweli lile wazo la kwenda mkiani ni langu. Yeye alilisema tu kwa niaba yangu."

Brayson akashangaa. "Ni lako?"

"Langalanga mimi ndiye nimemfundisha."

"Haya... basi usikate."

Wimbo ukaisha. Na Damari anarudi kutoka kwenye basi na sado tupu, akisikia Brayson anasema, "Wasikilizaji, leo tuna mshangao. Kumbe Mama Nyanya alimsemea mumewe! Tunaye hewani Bwana Anord Kihwele. Karibu, baba."

"Asante, mtangazaji," ikasema sauti ya Anord kutoka kwenye nguzo.

Foleni nzima ikageuka kutazama gereji. Damari akaiweka chini ile sado tupu. Alisimama pale aliposimama.

"Baba, msikilizaji wetu wa Uyole, Mbeya, ameuliza swali gumu. Kama aliyeshinda anaanza nyuma na aliyeshindwa anaanza mbele, si dereva mjanja atajiachia ashindwe makusudi kwenye mbio ndogo ili aanze mbele kwenye mbio kubwa? Huko kwenu Ilula mtu wa namna hiyo mnamfanyaje?"

Anord akajiuliza. Huko kwetu tunamfanyaje? Hakuwa na hata fununu. "Kwetu... kwetu mtu kama huyo anatozwa faini," akasema.

"Faini ya nani!" Mama Faustina akapiga ukelele ambao nadhani Iringa waliusikia bila redio. "Tangu lini?" Wanawake wakaangua kicheko, mwingine akadakia, "Anord, aliyekataa gari dogo hapewi basi! Hata mtoto anajua!" Ndivyo ilivyo sheria yao. Zamu yako ikifika na kikasimama kigari kidogo cha mtu mmoja, unakiendea hichohicho. Ukijificha kwa kulitamani basi, basi likija halikuhusu. Gari lako ulishalikataa.

Anord aliwasikia, lakini alikuwa ameshajibu.

"Sawa, faini," Brayson akasema, na siagi ikaanza kuganda. "Sasa baba nisaidie, maana hapa nimechanganyikiwa. Tuisikie kwanza ile sehemu ya pili tuliyoiweka akiba."

Ikasikika tena mvua juu ya bati. Na sauti ya Damari, ya chini safari hii, ya mtu anayetazama nyuma yake asije akasikiwa: "Na hili la pili si langu, ni la mume wangu. Naomba mlitaje jina lake, Anord Kihwele, fundi wa matairi hapa Ilula. Yeye anasema kila gari liwe na fundi mmoja na spana moja, watu wamwone. Hapa wanamchekaga, lakini mimi namwonaga anavyofanya kazi, sioni cha kucheka. Kashawatumia mara nyingi. Naomba mlisome. Juzer, usimwambie, asikie mwenyewe."

Anord akakalia tairi.

"Sasa hapa," Brayson akasema taratibu, kwa adabu, kama anayemfungulia mtu mlango, "mama anasema la mkiani ni la kwao, la fundi mmoja ni lako. Wewe unasema la mkiani ndilo lako. Labda mama alichanganya? La kwanza lako, hili la fundi mmoja lake?"

Akinamama wote walikuwa wamemgeukia. Hata basi lilikuwa limeshaondoka, barabara nyeupe, hakuna kelele ya kujifichia. Anord angeweza kusema nimekosa, mawazo yote mawili yawarudie wenyewe. Alilifikiria hilo neno. Lakini alishasema mbele ya mkoa mzima, na aibu ya dakika ile ilimtisha kuliko hasara ya maisha yake yote.

"Alichanganya," akasema.

"Kwa hiyo fundi mmoja, spana moja, ni wazo la mama?"

"... Ni la mama."

"Basi hongera sana Mama Nyanya wa Ilula, popote ulipo!"

Simu zikamiminika kuliko wiki iliyopita. Dereva wa lori wa Chimala akapiga tena: "Hilo ndilo! Sisi tunawajua mafundi matairi, wanaumia sana hawa watu. Tumwone mtu na jasho lake! Mama huyu ana moyo." Mwalimu wa Mbeya akapiga. Akapiga hata mwanafunzi wa chuo akiwa Dar, anasikiliza kwa mtandao. Hakuna aliyesema mbio zitaisha Jumanne. Hakuna aliyecheka. Ndiyo yaleyale Anord aliyokuwa akiizima kompresa ili ayasikie, yote, moja baada ya jingine, na kila moja lilimalizika kwa jina la mkewe. Na niwaambie ukweli, mpaka hapo alipokuwa, mkosaji wa kupindukia, wivu haukumwacha. Alimwonea Damari wivu kwa wazo lake mwenyewe!

"Anord Kihwele!" Mama Faustina akaita. "Vuka uje."

Akavuka. Angeenda wapi? Alijaribu kusema yeye si mtu wa foleni.

"Umekata zamu ya mtu wa foleni," Mama Faustina akasema. "Sheria unaijua, au nayo ni faini?"

Hakuna aliyecheka, na hilo lilikuwa baya zaidi. Damari akainua tenga lake, akampa. Hakumtukana, hakulia. Akarudi mkiani, kwa kuwa alikuwa ameuza, na Anord akamfuata na tenga kifuani. Gereji ikabaki peke yake na tairi la mtu lililofunguliwa nusu.

Mchana ule alibeba matenga ya kila mtu. Madereva walipita wakapiga honi. Juzer alitoka dukani mpaka ukingo wa barabara, akamtazama, ulimi wake usio na breki ukakosa la kusema, akarudi ndani.

Jua lilipoanza kuinama zamu ikamrudia Damari, na basi la kwenda Dar likasimama mbele yao. Abiria mmoja, mzee mwenye kofia ya balaghashia, akaisikia sauti yake anavyonadi, akatoa kichwa dirishani. "Mama, wewe si yule wa redioni? Tulikusikia asubuhi, basi likitoka Mbeya. Lile la fundi mmoja, lile! Mwanangu ni fundi matairi, nimetokwa na machozi. Ulilitoa wapi wazo zuri namna ile?"

Anord alikuwa nyuma ya bega la mkewe, tenga mikononi, nyanya zinamgusa kidevu. Ilikuwa ni neno moja tu. Muulize huyu hapa. Maneno hayo alimwona Damari anayo, yako palepale mdomoni, maana aligeuza kichwa akamtazama kwa muda ambao mzee yule aliudhania ni wa kuona haya.

"Nikupe sado moja au mbili, mzee?" Damari akasema.

"Nipe mbili."

Akampa mbili, basi likaondoka. Wakarudi mkiani. Walipofika mwisho wa foleni Anord akasema kwa sauti ya chini, "Ungemwambia, Mama Eveline. Ungemwambia tu huyo mmoja."

Damari alikuwa anapanga nyanya, zilizoiva juu, mbichi chini. "Gari lako lilisimama, Baba Eveline," akasema. "Nililisimamisha mimi mwenyewe. Ukalikataa, ukataka basi la mwenzio."

Akamwelekeza kwa kidole tenga la Mama Faustina, ambaye zamu yake ilikuwa imefika. Anord akaliinua.